Wazee Wetu Usiku Kando ya Maji: Tshangalele na Mji wa Bruges



Mwezi huu hatukuleteeni habari ya Roma wala ya Yerusalemu. Tunawapeleka karibu: Tshangalele, lile ziwa ambalo watu wengi wa Likasi wanalijua kwa njia ya samaki tu, samaki wa kukauka wanaouzwa sokoni. Na tutakwenda huko usiku, pamoja na mzee mmoja: baba yako, mama yako mukubwa, ao nkambo wako.

Kwa nini mzee? Juu ya hii: tunafikiri usiku ni wa vijana, lakini wazee wanasafiri usiku kuliko tunavyojua. Kilio kikitangazwa ng'ambo ya ziwa, nani anaitwa wa kwanza? Mzee. Maneno ya mahari yakizungumzwa huko Kapolowe mpaka jua linazama, nani amekaa kwenye kiti cha mbele? Mzee. Watoto wakikosana juu ya shamba la marehemu, nani anatumwa kupatanisha? Yeye yule. Kisha maneno yanapokwisha, kila mtu anatoka na pikipiki yake, na mzee anabaki mlangoni na fimbo yake, anauliza: « Sasa miye nitapita na nani? »

Fikiri juu ya ulizo hilo, ewe msomaji. Huenda umekwisha kulisikia nyumbani mwako.

Kwanza ulijue ziwa lenyewe. Tshangalele liko upande wa mashariki ya Likasi, katika inchi ya Wasanga na jirani zao. Si ziwa ambalo Mungu aliliweka pale tangu mwanzo kama Tanganyika ao Moero. Lilizaliwa na kazi ya mine. Kampuni ya Union Minière ilitaka umeme kwa ajili ya shaba, ikajenga ukuta katika mto Lufira, penye maporomoko yaliyoitwa Cornet, fasi tunayoiita leo Mwadingusha. Mashine zilianza kazi mwaka 1930. Maji yaliyozuiliwa yakatandaa juu ya mbuga, yakafunika mashamba na njia za zamani, na ndiyo ziwa. Miaka makumi mawili baadaye, chini yake, likaja bwawa la Koni. Mashine za Mwadingusha zilichakaa sana, zikatengenezwa upya, na tangu mwaka 2021 zinaweza kutoa megawati 78. Umeme huo unapanda kwenye nguzo na kukimbia mbali, mpaka kwenye mine kubwa za upande wa Kolwezi. Lakini mama anayekaanga mandazi kando ya ziwa, chini ya nyaya zile zile, jioni anawasha koroboi. Sisemi zaidi juu ya hilo; wenye masikio wamesikia. Nataka tu mjue kwamba giza tunalolizungumzia hapa ni giza kweli.

Tena ni ziwa la maji machache. Fasi nyingi hayapiti metre tatu kwenda chini. Mtu akisikia hivyo anasema, « Basi haliwezi kuua. » Anajidanganya. Ziwa lisilo na kina linakasirika upesi: upepo ukivuma, mawimbi yake ni mafupi, yanafuatana karibu karibu, yanaingia ndani ya bwato kabla mpiga kasia hajaligeuza. Na kwa sababu ni maji ya kufungiwa ukutani, ukingo wake hautulii. Mwisho wa mvua, mwezi wa nne na wa tano, maji yanapanda mpaka kwenye majani. Kiangazi kinapokwisha yamerudi mbali, yameacha tope. Mzee aliyeshuka kwenye kivuko fulani mwezi wa tano akarudi mwezi wa kumi na moja, njia anayoikumbuka haiko tena. Mguu wake unakumbuka udongo mgumu, na pale sasa ni matope. Mchana anacheka tu na kuzunguka. Usiku anaanguka.

Pembeni ya ziwa ni matete na mafunjo, na wavuvi, ao walobaji kama tunavyosema, wanapasua humo vijia vya maji, vyembamba, vya kupitisha bwato moja. Ukiviangalia kwa mbali ni kama barabara za mji: kimoja kinakwenda kushoto, kimoja kulia, kimoja kinafungwa mbele. Mtu wa pale anavisoma hata gizani. Mgeni hawezi. Wazee wengi wa Likasi na Panda na Kambove waliozaliwa huko ziwani wanakataa kuitwa wageni. « Miye nilizaliwa hapa! » Ndiyo, baba, ulizaliwa hapa. Lakini vijia hivi vimezaliwa mwaka huu.

Sasa nizungumze juu ya macho, sababu hapo ndipo jambo lenyewe linapokaa na watu hawalisemi. Waganga wa macho wanafundisha hivi: jicho la mtu wa miaka 60 linapokea karibu theluthi moja tu ya mwanga unaoingia katika jicho la kijana wa miaka 20. Ninyi wawili mnasimama pamoja kwenye ukingo, mwezi ni ule ule, lakini hamuoni usiku mmoja. Wewe unaona kisiki. Yeye anaona weusi. Tena jicho la mzee linachelewa kuzoea giza. Akitoka ndani ya nyumba yenye taa, anahitaji nusu saa nzima ao zaidi kabla macho hayajatulia. Na kinyume chake: pikipiki ikimmulika usoni, anapofuka kwa muda, na muda huo anaendelea kutembea, juu ya haya. Ndiyo, haya. Mzee hapendi kusema « sioni » mbele ya wajukuu. Atasema, « Tembeeni, ninakuja. »

Basi, kijana, usimwulize kama anaona. Mpe mkono tu, kama vile wewe ndiwe unayetaka kushikwa. Umulike chini, mbele ya miguu yake, usimulike usoni mwake wala mbali kwenye miti kama watoto wanaotafuta bundi. Unapotoka nyumba yenye taa, simama naye kidogo nje, mkamalizie kuaga pale, mkaulizane habari. Dakika hizo si za kupoteza, ndizo zinazofungua macho yake. Ukiwa na simu yenye tochi, angalia moto wake ungaliko kabla ya kuondoka. Huko chaji inauzwa, na saa mbili ya usiku aliyekuwa anachajisha amekwisha kufunga.

Kuna jambo lingine la wazee, nalo ni dawa za damu yenye kupanda. Nyingine zinamkojoza mara nyingi; nyingine zinafanya kichwa kizunguke akisimama ghafula. Mzee anayelala kijijini kando ya maji anaamka katikati ya usiku, anatafuta mlango, nje hakuna taa, ukingo uko hatua kumi. Wengi tunaogopa mamba na viboko, na ni vizuri kuviogopa, ulizeni walobaji fasi vinapopenda kutoka. Lakini mara nyingi hatari ya mzee si mnyama. Ni mwendo ule wa kutoka kitandani mpaka nyuma ya nyumba. Mwekeeni kopo ao ndoo ndani, bila kuona haya, na mumwonyeshe mlango mchana, aende kwa miguu yake mwenyewe na kurudi mara mbili. Aketi kwanza kitandani, ahesabu kidogo, ndipo asimame.

Na bwato? Hapa sitazunguka: mzee asivuke usiku. Katika Kongo yetu serikali imekwisha kukataza mara nyingi vyombo visisafiri usiku, na kila mara watu wanasahau. Si sisi peke yetu. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, meli Spice Islander ilizama kati ya Unguja na Pemba, imebeba watu kupita kipimo chake, na mamia walikufa gizani. Miaka kumi na mitano mbele ya hapo, tarehe 21 Mei 1996, MV Bukoba ilipinduka katika ziwa Victoria karibu na Mwanza, nayo vilevile ilikuwa imejaa. Hizo zilikuwa meli za chuma, zenye mashine na nahodha. Sisi tunazungumza juu ya mti uliochongwa.

Lakini ninajua vizuri kwamba kilio hakingoji asubuhi, na kuna siku mtavuka jioni ya mapema na giza litawakuta katikati. Basi mzee aketi chini kabisa, katikati ya bwato, si juu ya ubao wala juu ya mfuko wa unga. Asisimame kumsalimia mtu wa bwato lingine, hata akiwa shemeji yake! Viatu avifungue, na kitenge asijifunge kwa mafundo ya nguvu. Nguo nzito ikilowa inavuta. Bidoni tupu ya litri 20, imefungwa kifuniko vizuri, iwe karibu na mkono wake: inaweza kumshika mtu juu ya maji. Mwangalie chombo kabla ya kupanda. Kama mwenye bwato anamwaga maji kwa kopo wakati bado mko kwenye ukingo, ukamwuliza na yeye anajibu, « Si kitu, mama, ni maji kidogo tu », mshukuru na kurudi kwenye moto. Kusema hapana ni kazi ngumu kwa mtu mwenye adabu, lakini jifunze kuisema.

Njia ya nchi kavu nayo ina mambo yake. Barabara kubwa ya Lubumbashi na Likasi inakatiza Lufira kwenye daraja ambalo wazee wengine wanalikumbuka kwa sababu nyingine: Septemba 1961 askari wa Umoja wa Mataifa walishindwa kulivuka ili kuwaokoa wenzao Wairlandi waliozungukwa huko Jadotville, ndiyo Likasi ya leo. Siku hizi vita ni vya malori. Yanapita usiku na mchana na mizigo ya mine, na lori lililovunjika linalala barabarani bila taa, na matawi tu ya miti nyuma yake kama alama. Mzee anayeshuka taksi pale Kapolowe-Gare gizani, akiwa na nguo nyeusi ya kilio, dereva hamwoni. Avae kitu cheupe juu, hata kama ni kitambaa cha kichwa ao mfuko wa unga uliokunjwa mabegani. Atembee upande wa kushoto, akiangalia magari yanayokuja mbele yake. Na akipanda pikipiki, awe peke yake na motari. Nimekwisha kuona nkambo katikati, motari mbele, mjukuu nyuma na kuku wawili. Kuku ndio waliokaa vizuri.

Hapa sasa ninawavusha bahari. Mtauliza: Bruges inatafuta nini katika habari ya Tshangalele? Ni jamaa ya zamani. Wabenedikto waliofika Katanga mwaka 1910 pamoja na Padri Jean-Félix de Hemptinne, aliyekuwa baadaye askofu mpaka kufa kwake mwaka 1958, walitumwa na abasia ya Sint-Andries, karibu na mji wa Bruges, katika Ubelgiji. Kazi yao ilienea pande hizi zote, na Kapolowe-Mission ni moja ya matunda yake. Kwa hiyo mapadri wale waliowafundisha nkambo zetu katekisimu walitoka kando ya mji wa maji. Na leo mambo yamegeuka: ni watoto wetu wanaokaa huko Ubelgiji, na kila mwaka baba fulani ao mama fulani wa parokia zetu anapata visa, anakwenda kuwaona wajukuu, na wajukuu wanampeleka kutembea Bruges sababu ni mji mzuri.

Ni mzuri kweli. Maji yanapita katikati ya nyumba za matofali za zamani, na mji wote wa kale umewekwa katika urithi wa dunia wa Unesco tangu mwaka 2000. Lakini mzee wa Tshangalele atajua upesi jambo moja: fasi nyingi hakuna ukuta kati ya barabara na maji. Mawe ya njia yanafika ukingoni, kisha maji. Mchana watu wanapiga picha hapo. Usiku, mvua ikinyesha, mawe yale ya duara yanateleza kama sabuni, na taa zinaangaza juu ya maji mpaka usijue njia inakwisha wapi. Katika miji ya namna hii, na Amsterdam ndiyo inayojulikana zaidi, wengi wanaoanguka majini usiku ni wanaume waliokunywa, waliosimama ukingoni kukojoa. Walobaji wetu wakisikia hii watacheka, lakini wasicheke sana.

Basi mama, ukifika huko, tembea upande wa nyumba, si upande wa maji. Vaa kiatu chenye soli ya mpira, si kile cha ngozi cha kwenda misani. Angalia saa: mwezi wa kumi na mbili jua linazama kabla ya saa kumi na moja ya jioni, wakati kwetu watoto bado wanacheza mpira, lakini mwezi wa sita linazama karibu saa nne ya usiku, unafikiri bado ni mapema kumbe basi za mwisho ziko karibu. Ukipotea, inua macho utafute mnara mkubwa wa soko, Belfort, wenye metre 83; unaonekana kutoka pande nyingi, nenda kwake kama vile unavyokwenda kwenye msalaba wa kanisa. Magari yanafuata mkono wa kuume kama kwetu, hapo hutasumbuka. Utasumbuliwa na kinga! Huko wazee na mapadri wote wanapanda kinga, haina sauti, ina njia yake yenye alama, na mtu asiyejua anasimama katikati ya njia hiyo kumtafuta mjukuu. Na namba ya kuomba msaada katika inchi zote za Umoja wa Ulaya ni moja, 112, bure, hata kama huna unité. Iandike kwenye karatasi pamoja na anwani ya nyumba ya mtoto wako, uweke mfukoni. Usiweke ndani ya simu tu. Simu inazimika kwa baridi.

Mtu akianguka katika maji ya baridi namna ile, pumzi inakatika yenyewe na anameza maji kwa kupigapiga mikono. Wanaofundisha uokoaji wanasema: lala chali, uelee, ungoje pumzi irudi, ndipo uite. Ni vilevile katika Tshangalele kiangazi cha mwezi wa saba asubuhi mapema. Na anayeokoa asiruke. Anyoshe fimbo, kamba, kitenge, ao asukume bidoni.

Nimewasikia vijana wakisema, « Kule Ulaya kuna taa, mzee hana hatari. » Miye naona ni nusu ya kweli. Kule taa ziko, lakini saa nne ya usiku barabara ni kimya, milango imefungwa, na mama mwenye fimbo anaweza kupita nyumba hamsini bila mtu kumwuliza anakwenda wapi. Huku Tshangalele hakuna taa, lakini hapiti nyumba tatu bila kusikia: « Nani huyo? Ni mama wa fulani? Ingia kwanza. » Taa yetu ni hiyo sauti. Inaanza kupungua, hasa fasi za uchimbaji ambako watu wametoka pande zote na hawajuani, na kila mmoja anafunga mlango mapema kwa kuogopa wezi. Hapo jumuiya zetu za Kikristu zina kazi, na siyo kazi ya maneno.

Kwa mfano hii. Kilio kikitangazwa ng'ambo ya ziwa, jumuiya ichague vijana wawili, wa Kizito-Anuarite ao wa Kiro, ambao kazi yao siyo kuimba wala kupika. Ni kurudisha wazee. Wawe na tochi mbili na orodha ya majina: nani analala kwa nani, nani anarudi na nani, nani ana dawa ya kumeza jioni. Saa kumi, jua likiwa bado juu, wapite katikati ya wazee na kuuliza kwa adabu, « Baba, leo utalala wapi? » Wale wa kurudi waondoke saa ile ile, hata kama maneno hayajakwisha, maneno ya ukoo hayakwishi. Wale wa kubaki watafutiwe mkeka, blanketi na chandarua, sababu mbu wa mafunjo hawachagui miaka. Na chakula wapewe mapema, si saa tano ya usiku kama desturi yetu mbaya.

Na ninyi wazee mnaosomewa ukurasa huu, msikasirike. Hakuna anayewaita watoto. Mkishuka kwenye kivuko na giza limekwisha kushika, msiseme « tembeeni, ninakuja ». Simameni palepale, pigeni fimbo chini mara mbili, na mwite jina la mwenye nyumba ya kwanza. Kando ya ziwa sauti inakwenda mbali usiku. Atajibu, na mtasikia mlango, kisha miguu inakuja na koroboi.